Maungamo ya Ijumaa

"Haya mwanangu, wiki hii umeshindwa wapi?"

Swali hilo Mwalimu Hildegarda alilitoa kila Ijumaa jioni, jua likiwa bado halijazama, wamekaa upenuni na ungo wa mchele katikati yao. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mgeni wake kama ameamka salama, huku vidole vikiokota chuya na vijiwe. Na Tumwagile, aliyekuja Shule ya Msingi Makwambe kufundisha kwa kujitolea, na cheti cha ualimu kisichokuwa na ajira, alijibu. Alijibu kila kitu, na hapo ndipo mkosi wake wote ulipoanzia.

"Kutoa, Mama. Kujumlisha wanakwenda, lakini nikifika kwenye kutoa wananitazama kama ndiyo kwanza wananiona."

"Unatumia nini?"

"Namba. Naandika ubaoni."

"Mtoto wa darasa la kwanza namba ataijulia wapi? Mpe maharage mkononi, ayahesabu, ayapende. Halafu mnyang'anye mawili, aone uchungu. Hapo atajua kutoa."

Tumwagile alicheka mpaka akamwaga mchele. Hildegarda naye akacheka, kisha akawa makini. "Usinione mjuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawakimbia watoto, najifungia stoo. Mficha uchi hazai, Tumwagile. Lete kwangu, tulitibu hapa hapa, usije ukaumbuka mbele za watu."

Maneno matamu hayo, na yalikuwa ya kweli. Tusimwonee Hildegarda kwa lililokuja baadaye: darasa la kwanza alilijua. Alikuwa amefundisha wazazi wa watoto wale, na wengine bibi zao. Makwambe palikuwa na desturi kwamba mwalimu mgeni asiye na ndugu huchukuliwa na mwalimu mlezi wake, akalala kwake na kula chungu kimoja na watu wa nyumba ile. Kwa hiyo Tumwagile, mtoto wa Tukuyu, alilala kwenye chumba cha Vaileth, binti wa nyumba, ambaye alikuwa Mikumi akifanya kazi kwenye gesti moja ya kando ya barabara kuu. Asubuhi alichota maji, akaamkia, "Shikamoo Mama, shikamoo Baba," akaitikiwa marahaba na Hildegarda pamoja na mumewe, Mzee Ditram, mkulima wa ufuta asiyependa maneno mengi. Baada ya muda mfupi majirani wakaacha kumwita mgeni.

Shuleni aliwaita walimu wengine kwa vyeo vyao, lakini Hildegarda alimwita Mama hata mbele ya ubao. Hakuna aliyemkosoa kwa hilo.

*

Wazo la magunzi lilizaliwa Ijumaa moja kama hizo. Tumwagile alikuwa analalamika kwamba kila akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitikia kwa wimbo mrefu, "Ndiyooo Madamu!" na akisahihisha madaftari anakuta hakuna aliyeelewa.

"Wanakuheshimu," Hildegarda alisema. "Kwao kusema sijaelewa ni sawa na kukuambia hujui kazi. Halafu mwenzake atamcheka." Aligeukia rundo la magunzi ya mahindi lililokuwa pembeni ya jiko likisubiri kuwashwa. Akachukua moja, akaliviringisha kiganjani. "Mpe kila mtoto gunzi lake. Asiyeelewa aliweke juu ya dawati, basi. Haongei, hanyooshi kidole, haulizwi mbele za watu. Wewe unapita, unamfuata palepale alipo."

"Wataona aibu hata hivyo."

"Siku ya kwanza wataona. Anza wewe."

Jumatatu Tumwagile aliingia na gunia la magunzi, watoto wakacheka wakidhani wanakwenda kupika. Aligawa. Alifundisha. Hakuna aliyeweka kitu mezani. Basi akachukua gunzi lake mwenyewe, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. "Mimi kuna kitu sijaelewa," akawaambia. "Brayan, hivi ile kamba ya kufungia ndama unaifungaje isikaze shingo? Mimi kwetu sikufundishwa." Brayan, mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni, ambaye tangu afike shule alikuwa hajatamka zaidi ya "nipo," alisimama taratibu, akaja mbele, akamfundisha mwalimu kufunga kamba. Alipokuwa akirudi kwenye nafasi yake, Mwamvua aliyekaa dawati la mbele aliweka gunzi lake juu. Kisha mwingine wa nyuma. Kabla ya kengele ya mapumziko madawati mengi yalikuwa na magunzi, na Tumwagile alikuwa anatembea katikati yao moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

Tangu siku ile darasa lile liliamka. Watoto walianza kufuatana wenyewe kwa wenyewe, mwenye kuelewa akihamia kwa mwenye gunzi, wakibishana, wakisukumana maharage. Kelele zilikuwepo, tena nyingi. Mwalimu Mudi, mwalimu mkuu, alipita dirishani mara moja akatingisha kichwa. Hildegarda alimwambia amwache, binti anafundisha. Jioni ile alimpikia Tumwagile ndizi kwa nyama, kwa sababu siku moja Tumwagile alisema amezikumbuka za kwao.

*

Halafu ikaja ile Ijumaa ya rula.

Tumwagile alifika nyumbani hata nguo za kazi hakubadili. Alikaa chini, akauvuta ungo, lakini mikono haikufanya kazi.

"Nimempiga Brayan, Mama."

"Kwa nini?"

"Mwamvua alikosea kusoma, yeye akacheka, darasa zima likacheka. Mwamvua akaficha gunzi lake. Nikaona kazi yote inaharibika. Nikampiga kwa rula mkononi, kwa nguvu. Mkono ukavimba."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Nikampeleka bombani, nikaumwagia maji. Jioni nilimpeleka kwao nikamwambia baba yake mwenyewe, akasema yamekwisha. Lakini pale mchana nilitoka darasani, nikaenda nyuma ya choo, nikalia. Nilijiona mnyama."

Hildegarda aliuweka ungo pembeni. Aliushika mkono wa binti yule, akaufunika na wake. "Anayejiona mnyama si mnyama. Wapo wanaopiga kila siku na wanalala usingizi. Umekosa, umetubu, umekua. Hilo nimelisikia na nimelizika. Halitoki hapa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Na usiku huo Tumwagile alilala vizuri.

*

Habari ya nafasi ililetwa ofisini na Mwalimu Mudi, wakati wa chai. Mradi mmoja wa elimu ya madarasa ya chini ungetoa mkataba kwa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza pale Makwambe. Wageni wangekuja kuangalia somo, wangemsikiliza mwalimu mlezi, na jina lingeondoka nao siku hiyo hiyo.

"Hapa hakuna mashindano," Mwalimu Mudi alisema. "Anayejitolea ni mmoja. Madamu Tumwagile, andaa keki."

Walimu wakampigia makofi. Tumwagile alimtazama Hildegarda, akamwona anakoroga chai yake ambayo sukari ilikwishayeyuka zamani.

Jumamosi Vaileth alishuka kwenye bodaboda na begi lake lote. Alisema amechoka. Alisema ametandika vitanda vya madereva wa malori mpaka harufu ya dizeli anaiota. Cheti chake cha ualimu kilikuwa sawasawa na cha Tumwagile, tofauti ni kwamba chake kilikwisha kukaa kabatini miaka, na kila ajira zikitangazwa jina lake halimo. "Nimekuja kupumzika tu," alisema. Walilala kitanda kimoja, wakaongea kama ndugu. Tumwagile alimsimulia magunzi, maharage, nani anakaa na nani na kwa nini.

"Naweza kuja kukaa darasani kwako?" Vaileth aliuliza. "Nisije nikasahau ualimu kabisa."

"Njoo! Utanisaidia."

Akaja, akakaa nyuma, akatazama. Watoto wakamzoea. Tumwagile alimpa hata kipindi cha kuimba. Alikuwa anafurahi kupata mwenzake wa rika moja wa kuongea naye kazi, na hakuona kitu. Mtu anayependwa huwa haoni haraka.

*

Siku chache kabla ya ugeni, Mwalimu Mudi alimwita Tumwagile pembeni ya mlingoti wa bendera. "Madamu, lile somo lipike." Hakuhitaji kueleza. Kupika somo kila mwalimu anakujua: unawafundisha watoto leo, kesho na keshokutwa kile kitakachofundishwa siku ya wageni, mpaka wanakijibu kabla hujauliza. Walio wazito unawapanga nyuma, au wanatumwa kufagia uwanja. Wageni wanaondoka wamefurahi, na kila mmoja anajua alichokiona.

Ijumaa hiyo Tumwagile alimpelekea Hildegarda shauri hilo.

"Unataka kuwadanganya watoto wako?" Hildegarda aliuliza.

"Sitaki. Lakini naogopa. Nikifundisha kitu kipya magunzi yatajaa mezani."

"Na yajae. Si ndiyo kazi yako? Wageni wa siku hizi wamesoma, wanataka kuona kitu halisi. Fundisha kutoa, kule kwenyewe kugumu. Waachie magunzi yao. Mimi nitakuwepo, nitawaeleza."

"Utawaeleza, Mama?"

"Nani mwingine? Si mimi mlezi wako?"

Mzee Ditram alikuwa ananoa jembe hatua chache kutoka pale. Aliacha kunoa, akamtazama mkewe kwa muda, halafu akaondoka na jembe lake. Mpaka leo Tumwagile hajui kama ushauri ule ulitoka kwa mlezi au ulitoka kwa mama wa Vaileth. Amejiuliza sana. Ameona ni afadhali asijue.

*

Wageni walikuwa wawili: afisa elimu wa kata, bwana mnene mwenye haraka, na mama mmoja wa mradi aliyevaa miwani na kuandika bila kukoma. Walikaa nyuma pamoja na Mwalimu Mudi na Hildegarda. Vaileth alikaa karibu na mlango, amesuka nywele upya.

Tumwagile alianza vizuri. Maharage yaligawiwa, watoto wakayahesabu, akawaambia wayatoe mengine wabaki na mengine. Alipofika pale pagumu, pa kutoa zaidi ya kumi, gunzi la kwanza likapanda. Likafuata la pili. Baada ya muda nusu ya darasa ilikuwa na magunzi juu. Siku nyingine yoyote moyo wake ungeruka kwa raha, maana ilikuwa ishara kwamba watoto hawakuwaogopa hata wageni. Aliwapanga upya, walioelewa kwa wasioelewa, kelele zikaanza. Brayan alihama kwenda kwa Mwamvua, akamtolea maharage, akamrudishia, akamtolea tena. Mwamvua akacheka, akaliondoa gunzi lake juu ya dawati.

Afisa wa kata alikuwa anatazama saa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti, "mbona nusu ya darasa haijui kitu? Na haya magunzi ni ya nini? Hapa ni shule au ni ghala?"

Watoto wakanyamaza. Tumwagile alieleza, maneno yakiwa mahali pake. Yule mama wa mradi aliacha kuandika. Alionekana kuvutiwa. Aligeuka kwa Hildegarda.

"Mwalimu mlezi, hii ni mbinu mliyoibuni pamoja?"

Tumwagile alimtazama Mama yake. Akamtabasamia, kwa kuwa zamu yake ya kueleza ilikuwa imefika.

"Hapana," Hildegarda alisema. "Nimemkataza mara nyingi. Hasikii."

*

Kilichobaki kilifanyika ofisini, nyaraka za somo zikiwa mezani, Tumwagile amesimama karibu na kabati kwa sababu viti havikutosha. Alifikiri atasikia labda maneno mawili matatu, kwamba Mama amebabaika, atajirekebisha. Hildegarda hakubabaika. Aliongea taratibu, mikono imekunjwa mapajani, kama anayesoma dua.

"Si binti mbaya. Ila hajakomaa. Mwenyewe ameniambia kutoa kunamshinda. Ameniambia watoto wanamwitikia tu, hawaelewi kitu. Kuna siku alitoka darasani, akaenda kulia nyuma ya choo, watoto wakabaki peke yao." Alivuta pumzi. "Na kuna mtoto alimpiga kwa rula mpaka mkono ukavimba."

Mwalimu Mudi alishtuka. Hilo hakuwa analijua.

"Ni kweli, mwalimu?" mama wa mradi aliuliza. "Ulimpiga mtoto?"

"Ni kweli, lakini baba yake…"

"Na uliacha darasa, ukaenda kulia?"

"Ni kweli. Lakini hayo nilimweleza…"

"Asante."

Kwa nini hakukana? Msomaji atauliza, na ni haki yake. Hakukana kwa sababu kila neno lilikuwa lake. Ukiacha lile la magunzi, hakuna uongo ambao angeukamata na kuuonyesha watu. Aliyoyasema upenuni, Ijumaa kwa Ijumaa, akifundishwa kuwa mwalimu, yalipangwa pale mezani moja baada ya jingine, na yalipokaa pamoja yalimchora mtu ambaye hata yeye asingempa mtoto wake.

"Shule haitakosa mtu," Hildegarda alimalizia, macho chini. "Yupo binti mwenye cheti, amekuwa akilifuatilia darasa hili kwa karibu. Watoto wamemzoea."

Chakula cha wageni kilikuwa tayari, wali na kuku. Na kwa kuwa Tumwagile ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale ofisini, ni yeye aliyebeba jagi na beseni. Alimnawisha afisa wa kata, ambaye alimwambia ajitahidi. Alimnawisha mama wa mradi. Alimnawisha Mwalimu Mudi, ambaye hakuinua uso. Mwisho alifika kwa Hildegarda. Ile mikono ya kuokota chuya ilitokeza juu ya beseni, akaimwagia maji mpaka povu likaisha.

*

Nyumbani Hildegarda alifika kabla yake. Kwa sababu ambazo Mungu ndiye anayezijua, alikuwa amepika ndizi.

"Kula kwanza," alisema.

Tumwagile alipita moja kwa moja chumbani, akaanza kukunja nguo. Vaileth alikuwa amekaa kitandani, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Tumwagile, mambo ya Brayan sikuyajua. Naapa."

"Na mengine uliyajua?"

Vaileth alijifunika uso kwa kanga. Tumwagile aliendelea kukunja nguo zake. Akakumbuka zile siku za Vaileth nyuma ya darasa, maswali yake yote mazuri, nani anakaa na nani na kwa nini. Alimpikia mwenzake somo bila kujua, na akalipika vizuri.

Hildegarda alisimama mlangoni. "Hebu niambie. Nimesema uongo gani pale?"

"Magunzi."

"Hilo moja. Mengine yote umeyasema kwa mdomo wako."

"Niliyasema kwako! Niliyasema kwa sababu uliniuliza! Kila Ijumaa uliniuliza!" Sauti yake ilimshinda, ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, jirani akachungulia uani. "Ulisema umelizika. Ulinishika mkono."

"Nilikuwa nimelizika kweli." Hildegarda alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Siku ile nilikuwa nimelizika kweli, Mungu ananiona. Lakini huyu ni mwanangu, Tumwagile. Wa tumboni. Unajua kinachomkuta binti anayelala kwenye gesti za madereva? Unataka nikueleze? Wewe ni mwalimu. Ni mwalimu kweli, nimewaona wengi. Wewe utapata popote. Huyu hatapata."

"Kwa hiyo umenimaliza kwa sababu najua kazi."

"Nakuomba unielewe."

"Hukuniomba. Ungeniomba ningekupa. Ungekaa na mimi hapo upenuni ukaniambia, mwanangu, mwachie mwenzako, ningeondoka asubuhi yake, na ningekuita Mama mpaka kufa kwangu."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Mzee Ditram, nzito, ya mtu asiyezoea kuitumia. "Nilikwambia, mama Vaileth. Nilikwambia lisemeni nyumbani."

Kwa hiyo na yeye alijua. Nyumba nzima ilijua, nyumba aliyoichotea maji, isipokuwa yeye. Alikaa juu ya begi lake na kulia kwa sauti, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kumgusa.

Hildegarda alifuta uso. Akasema jambo ambalo huenda hakulipima, au labda alilipima na akaona hana namna. "Kabla hujaondoka, mwonyeshe mwenzako jinsi ya kuwashika wale watoto. Wasije wakaharibika."

Tumwagile alimtazama kwa mshangao, karibu acheke. Aliinuka, akafunga zipu ya begi. Alipofika kwa Vaileth alisimama, maana watoto hawakumkosea kitu.

"Mwamvua haoni mbali, asihame dawati la mbele. Brayan usimkalishe dirishani, akiona ng'ombe wanapita anasahau kila kitu. Na ukikosea, waambie umekosea."

Halafu akatoka. Hakumuaga Mama, na kwa mara ya kwanza tangu afike katika nyumba ile alimpita mkubwa wake pasipo kumtamkia neno la heshima. Bodaboda ilimpeleka Mikumi, akalala kwenye gesti ya kando ya barabara, malori yakinguruma nje mpaka asubuhi.

*

Hildegarda hakukosea katika jambo moja: Tumwagile alipata. Muhula uliofuata alipata mkataba katika shule moja upande wa Kidodi, ambako malori ya miwa hupita karibu na madarasa na vumbi lake hutua kwenye madaftari. Alipewa darasa la kwanza. Alipewa pia mwalimu mlezi, Mwalimu Abeli, mzee mpole anayekaribia kustaafu, mwenye tabia ya kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi.

Watoto wa pale hawakuwa wa Makwambe. Wengi waliamkia shambani na wazazi wao, wakafika wamechoka. Kutoa kulimshinda upya. Maharage yaliliwa. Siku moja alikuwa amefundisha somo lilelile mara tatu kwa njia tatu, na mwisho wake watoto walimwangalia tu, naye akawaangalia, mpaka kengele ikamwokoa.

Mwalimu Abeli alimkuta kwenye ngazi ya darasa wakati wa mapumziko. Alijikunja akaketi kando yake, magoti yakilia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Nimepita dirishani, nimekuona unapambana." Alitabasamu, na tabasamu lake halikuwa na hila yoyote. "Mimi ni mzee, nimekosea mengi kuliko utakavyokosea wewe. Niambie tu. Gumu liko wapi, tulitazame wote."

Jibu lilimjia lote mpaka kooni. Alijua hasa mahali somo lilipokatikia. Alijua anahitaji nini, na aliona wazi kwamba mzee yule alikuwa nacho. Aliunyoosha mkunjo wa sketi yake, akainua uso.

"Hakuna gumu, mwalimu. Wanaendelea vizuri."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Wote wameelewa."

Mwalimu Abeli alimtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, akajiinua taratibu, akaenda zake ofisini kunywa chai. Kengele ikagongwa. Tumwagile alisimama, akapangusa vumbi la miwa, akarudi ndani, ambako watoto walikuwa wanamsubiri awafundishe tena lile ambalo asubuhi lilimshinda, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.